Daktari Shingo Anastaafu, Mionzi Haistaafu

Mwisho wa mwezi huu Daktari Bingwa wa magonjwa ya tezi anaondoka katika utumishi wa hospitali yetu, baada ya miaka thelathini na mmoja. Ofisi ya uhusiano iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga, na mwenye ofisi akasisitiza: "Sista, uwe wa kuchangamsha. Malalamiko tuyaweke kando." Nimejitahidi. Ukurasa umezaa kurasa, na malalamiko yamekataa kukaa kando. Nimekuwa muuguzi wa kliniki yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikimwandika bila hasira nitakuwa nimemwandika mtu mwingine.

Nianze na ya kuchangamsha, nisije nikaambiwa sisikii. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Daktari Shingo. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, kwa sababu ukimsalimia macho yake hayaanzii usoni, huanzia chini ya kidevu. Katika harusi ya mhasibu wetu alipanga foleni ya kuwapongeza maharusi kama watu wengine. Alipofika kwa bibi harusi akamkumbatia, akamwinua kidevu na kumpapasa koo mbele ya wapiga picha, kisha akamnong'oneza afike kliniki Jumatatu. Bwana na bibi harusi walifika asubuhi na mapema. Uvimbe haukuwa wa hatari. Ila ile picha ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote, na mhasibu ameitundika sebuleni: mkewe anatazama dari kama fundi aliyeitiwa taa mbovu.

Alifika hapa akiwa kijana, mwanamke mrefu mwenye hatua ndefu na kicheko kinachosikika hadi chumba cha dobi. Kahawa huipoza kwa kuisahau. Gari lake huliacha popote lilipozimika. Siku moja mlinzi wa geti alimwambia, kwa adabu zote, kwamba pale alipoegesha ni pa gari la wagonjwa. "Na hili ni gari la wagonjwa," akamjibu, akafungua mlango wa nyuma, akashuka bibi mmoja ambaye Daktari mwenyewe alikuwa amekwenda kumchukua nyumbani kwa sababu hakuwa na wa kumleta. Mlinzi akatafuta kiti cha magurudumu, na tangu siku hiyo gari lile lina kibali chake.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe.

Nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo kuna maghorofa ya vyumba vidogo, ngazi nyembamba, kamba za nguo kila dirisha. Humo wanaishi watu waliotoka ng'ambo ya mpaka, kwenye mji uliokuwa jirani na kinu cha nyuklia. Kinu kile kilipolipuka, wenyeji waliambiwa ni moto mdogo, unazimwa, wasiwe na shaka. Kwa siku kadhaa wakaendelea kula mboga za bustanini na kunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa nyasi zilizoangukiwa na vumbi lenye mionzi. Kisha yakaja mabasi, wakaambiwa wabebe vitu vichache tu, watarudi. Hawakurudi. Walihamishiwa mji mmoja, wakanyanyapaliwa. Wakahamia mwingine, hali ikawa ileile. Mwishowe wengi wakavuka mpaka, wakaja kwetu kutafuta kazi za kushona, kujenga na kuoka mikate. Kazi tuliwapa, tena zile zilizotushinda wenyewe. Swali hatukuwauliza hata moja.

Katika mwaka wa kumi wa utumishi wa Daktari, akaja mshonaji mmoja, msichana asiyefika miaka thelathini, sauti imemkauka. Alikuwa ameshapita kwa madaktari watatu. Wa kwanza alimpa dawa ya mafua. Wa pili alimshauri apunguze maneno kazini. Wa tatu alimwambia ni wasiwasi tu, akiolewa utamtoka. Daktari Shingo alimpapasa koo, akarudia kupapasa, kisha akauliza, "Mdogo wangu, ulikulia wapi?"

Mshonaji akautaja mji wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Na maziwa mlikunywa?"

"Tulikunywa. Mama alikuwa na ng'ombe wake. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo, kwa hiyo ndiye niliyeongezwa."

Ilikuwa saratani. Ile tezi ndogo iliyokaa mbele ya koo, hasa ya mtoto anayekua, huivuta sumu ya mionzi iliyomo kwenye maziwa na kuihifadhi, na madhara yanaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kujitokeza. Wale madaktari watatu walifundishwa hayo chuoni kama alivyofundishwa yeye. Kumuuliza binti wa watu alikotoka ndiko kulikowashinda. Alifanyiwa upasuaji, tezi ikatolewa yote, sauti ikarudi kiasi cha kumwezesha kugombana na msimamizi wake kiwandani. Vidonge anameza kila asubuhi, na atavimeza maisha yake yote, kwa sababu mwili usio na tezi hiyo hauwezi kujiendesha.

Daktari hakutulia. Alisema kama yupo huyu, wapo wengine, nasi tunawapita barabarani kila siku. Tukaanza kwenda kwenye maghorofa yale siku za Jumapili, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba. Milango ilifungwa mbele ya pua zetu. Sikuwalaumu. Mwenye nyumba mmoja alikuwa ameshaitoa nje familia nzima, magodoro yakalala mtaroni, kwa madai kwamba watawaambukiza wapangaji wengine mionzi. Kuwaambukiza! Kana kwamba mionzi ni upele. Aliyetufungulia njia ni mshonaji mwenyewe, kovu bado bichi shingoni, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine: "Fungueni jamani, ni daktari wangu. Anashika shingo tu, hang'ati."

Wakaanza kuja, kwanza wanawake, kisha wanawake wakawavuta waume zao. Kwa wale waliokuwa watoto wakati wa ajali, tulikuta uvimbe mara nyingi kuliko tulivyotamani. Waliokuwa watu wazima walikuja na mengine. Mmojawao alikuwa kaka mkubwa wa mshonaji, dereva wa lori, mtu wa mizaha. Wakati wa ajali alikuwa kijana jeshini, akapelekwa kubeba udongo uliochimbwa kuzunguka kinu. Alipewa glavu na barakoa ya kitambaa. Alipokuja kwetu, ukungu wa mtoto wa jicho ulikuwa umeanza kumfunga macho yote mawili, naye hajafika umri wa babu. Alituambia amekuwa akiendesha kwa kusikiliza honi za wenzake. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Daktari akaomba kliniki maalumu: kila mtu aliyetoka eneo lile apimwe shingo, damu na macho mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi wakubwa wanavyoweza kurushiana binadamu kama mpira. Wizara yetu ilisema ajali ilitokea nchi nyingine, basi nchi hiyo ndiyo iwahudumie. Nchi hiyo ilisema waliondoka kwa hiari yao, basi wameshafutwa kwenye orodha ya waathirika. Kwa hiari yao! Watu waliotolewa majumbani na mabasi ya jeshi.

Kikaitishwa kikao hapa hospitalini, kwenye ukumbi wenye zulia. Wizara ikaleta mtaalamu wake, mtu wa tai nzuri na sauti laini. Alieleza kwa kirefu kwamba takwimu hazitoshi, na kwamba kwa uzoefu wake tatizo kubwa la watu hawa ni hofu. Wanaiogopa mionzi, hofu inawaumiza, kwa hiyo kliniki itawazidishia hofu. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Daktari alikuwa amemwalika mshonaji akae kiti cha nyuma. Hakuwa amepangiwa kusema. Alisimama mwenyewe, akaishika leso yake kwa mikono yote miwili.

"Samahani, baba. Mimi nilikuwa na miaka saba. Hakuna aliyeniambia niogope. Niliambiwa nimalize kikombe. Hiki kilichoota shingoni mwangu kilitokana na hofu ipi?"

Mtaalamu alifungua mkoba wake, akatafuta kitu humo ndani, akaufunga.

Tulipewa kliniki. Msidhani tulipewa kwa moyo mweupe. Tulipewa siku moja kwa wiki, Jumatano, na chumba kilichokuwa stoo ya viti vya magurudumu vilivyovunjika. Mashine ya kupimia tezi ilikuwa ya mitumba, inayozimika ikiona mawingu. Daktari akapaka kuta rangi ya manjano kwa mkono wake, vibaya sana, michirizi yake bado ipo, akaanza kazi. Zaidi ya watu elfu moja wamepimwa katika chumba hicho. Saratani zilizokutwa humo zilikutwa zikiwa ndogo, na karibu wote walioshikwa nazo wanaishi, wanalea, wanadaiwa kodi kama mimi na wewe. Na kila daktari mwanafunzi aliyepita kwake ametoka akijua kuuliza mgonjwa alikulia wapi, kwa upole, kabla ya kumwambia ana wasiwasi.

Kazi yake haikuishia kwenye chumba hicho. Mshonaji alipopata mchumba, fundi bomba, mama wa kijana alikuja juu. Alisema hatamruhusu mwanawe aoe mwanamke wa mionzi, atazaa viumbe vya ajabu. Mshonaji alilia kliniki mpaka tukachelewa kufunga. Jumapili ile Daktari alikwenda kwa mama yule, akakaribishwa chai. Akamkuta mshonaji amekalishwa pembeni na kikombe chake cha peke yake, kilichotengwa na vingine. Daktari alikinyanyua kile kikombe, akakinywa chote, akakirudisha mezani, ndipo akaanza kueleza: mionzi ile haiambukizi, na kwa yote yanayojulikana, mwanamke huyu anaweza kuzaa mtoto mzima kama mwanamke yeyote. Mama akauliza maswali kwa saa nzima. La mwisho lilikuwa kama Daktari anaweza kumwangalia na yeye shingo, maana kuna mahali panambana. Harusi ilifungwa. Mama mkwe yule alikufa akimwita mshonaji "mwanangu".

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ofisi ya uhusiano ingependa nilisahau. Mshonaji alikuwa mjamzito ilipotoka amri kwamba wagonjwa wasio na ukaazi wa kudumu wasipewe tena dawa katika duka letu la dawa. Yeye aliishi hapa tangu ubinti, amewashonea sare wauguzi wa hospitali hii, na ukaazi alikuwa bado anaambiwa asubiri. Akanyimwa vidonge. Mjamzito asiye na tezi akikosa vidonge vile, ubongo wa mtoto tumboni uko hatarini. Mfamasia alijua, akasema mikono yake imefungwa. Mkurugenzi wa wakati ule alijua, akasema ana kikao.

Jumatano iliyofuata Daktari alinitazama akaniambia, "Sista, tunahama." Tukaihamishia kliniki nzima kwenye chumba cha wageni cha mkurugenzi. Wagonjwa wakakaa kwenye makochi ya ngozi. Mashine ikachomekwa pale palipokuwa na birika la umeme. Katibu muhtasi alipinga kidogo, kisha akaanza kuwaita wagonjwa kwa zamu, tena kwa utaratibu mzuri kuliko wangu. Mkurugenzi alipotoka ofisini alimkuta bibi mmoja amelala kwenye kochi refu, kidevu juu, na mafuta ya kipimo shingoni.

"Daktari, hii ni nini?"

"Kliniki, Mkurugenzi. Karibu, kaa."

Sijui kwa nini alikaa. Nadhani ni ile sauti. Daktari akampapasa koo mbele ya watu wote, taratibu, kulia na kushoto. "Yako nzima," akasema. "Hongera. Sasa tuzungumzie ya yule mama mjamzito pale dirishani, na mtoto wake asiyejua ukaazi ni nini."

Jioni hiyohiyo duka la dawa likafunguliwa kwa wagonjwa wote wa Jumatano. Mtoto alizaliwa salama, msichana, akilia kama king'ora. Nimefurahi na bado nina hasira, kwa sababu haikupasa kuwa hivyo. Haipaswi daktari bingwa ahamie kwenye kochi la mkubwa ndipo mjamzito apewe kidonge.

Kaka wa mshonaji, yule dereva wa lori, hakupata bahati hiyo. Mtoto wa jicho tulimwondolea, akarudi barabarani, akisema sasa anaona hata alama za kasi, ni hasara tupu. Miaka ikapita, ndipo akaanza kuchoka, kuvia damu chini ya ngozi, homa zisizoisha. Ilikuwa saratani ya damu. Matibabu aliyohitaji yalikuwa katika hospitali kubwa ya rufaa, na kupelekwa huko kulihitaji wizara ikubali kwamba ni mgonjwa wake. Wakaanza mchezo uleule. Aliulizwa kama anaweza kuthibitisha kwamba ugonjwa umetokana na kinu na si kitu kingine. Mtu aliyekuwa akikaa juu ya lori la udongo ule kula chakula cha mchana! Daktari alisafiri kwenda wizarani mara nyingi hadi walinzi wa mapokezi wakamzoea. Wakuu waliendelea kutokuwepo.

Alifia wodini kwetu, asubuhi, dada yake amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la mzaha, kwamba nimwambie Daktari ajifunze kuegesha gari.

Tulikuwa tumeshamzika simu ilipolia kliniki. Nikapokea mimi. Kijana wa wizarani, mwenye heshima zake, alisema ombi limepita hatua ya kwanza, na aliuliza ni lini mgonjwa anaweza kufika kwa tathmini. Nilimpa Daktari simu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hawezi kuja," akasema. "Njooni nyinyi. Nitawaonyesha alipolala."

Akaweka simu, akakaa kwenye kile kitanda cha kupimia wagonjwa, akalia. Ni mara moja tu nimemwona akilia. Kisha akanawa uso, akamwita mgonjwa anayefuata.

Na sasa tunamuaga, na uongozi umetangaza kwamba nafasi yake haitajazwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba ajali ile ni ya zamani. Nasema hapa, katika jarida la hospitali yenyewe, na jina langu la kazi liko chini: ajali ni ya zamani, miili si ya zamani. Mwaka huu tu tumekuta saratani kwa mwanamke aliyekuwa mtoto mchanga siku ya mlipuko. Angekwenda kwa nani? Kwa dawa ya mafua?

Mshonaji, ambaye siku hizi ana mvi na mafundi wa kufundisha, hakungoja niandike haya. Aliwakusanya wenzake wa maghorofani, wakaja kwa mkurugenzi wetu wa sasa, wamevaa nguo zao nzuri, wakaomba kuonana naye. Walipoambiwa ana kikao walisema watasubiri, wakakaa, wakatoa kazi zao za kufuma. Waliendelea kusubiri hadi alipowapokea. Matokeo ni haya: Jumatano zetu zimebaki kwa mwaka mmoja, chini ya daktari kijana aliyefunzwa na Daktari Shingo mwenyewe, na baada ya hapo "itaangaliwa". Ni kidogo. Ni kidogo kiasi cha kutia aibu. Tumekipokea kwa mkono mmoja, mwingine tumeubakiza wa kudai kilichobaki.

Hafla ya kumuaga itafanyika ukumbini, Jumatano mchana, siku aliyoichagua mwenyewe ili wagonjwa wake wahudhurie bila kukatwa mshahara kazini mara mbili. Mtaalamu wa wizara ameandaliwa kiti. Tutaona kama atakuja.

Daktari, kwa niaba ya wauguzi, wafamasia, madereva, mlinzi wa geti na kila mtu aliyewahi kuinuliwa kidevu na wewe akiwa njiani kwenda zake: ahsante. Ahsante kwa kuuliza. Ahsante kwa kugonga milango iliyofungwa na ile iliyojifanya imefunguliwa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wasumbufu na kahawa ya moto. Usitupigie simu kuuliza tumefikia wapi na wizara, maana tunakujua, utakuja. Pumzika, Daktari. Hasira tuachie sisi, bado tunaihitaji kazini.

Muuguzi Mkuu, Kliniki ya Jumatano